Maji ya Paa la Gari

Nilizima kiyoyozi saa nane mchana, wageni wanne wa kampuni wakiwa ndani ya gari na madirisha yote yamefungwa. Nikazima na jenereta. Meneja wa Ununuzi akatoa kichwa mlangoni, akauliza kama nimerukwa na akili. Mwanangu Somoe, wa miezi minane, alikuwa begani kwangu akitapika, midomo imevimba. Nikamwambia, "Hapoi mtu humo ndani mpaka ndoo zile zimwagwe." Kazi yangu ya misimu mitatu ikaishia hapo. Nawaandikia ninyi wasichana mnaomaliza kidato cha nne mkitafuta ajira, mjue ilikuwa kazi gani.

Siku ya kwanza niliripoti kwenye uwanja wa kampuni pale Mkomaindo, Masasi. Biashara ya korosho ilikuwa imefunguliwa, wanunuzi binafsi wameingia kila mmoja na mbwembwe zake. Mbwembwe za kampuni yetu zilikuwa gari-nyumba: basi dogo lenye vitanda viwili, jiko, meza ya mazungumzo, na kiyoyozi juu ya paa. Fundi Mkuu, mzee wa Lupaso asiyecheka, ndiye aliyenikabidhi kiyoyozi hicho nikiendeshe.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Umesoma?"

"Nimemaliza kidato cha nne."

"Basi weka daftari chini. Mashine hii inasikilizwa."

Akanifundisha kusikiliza. Unawasha jenereta, unangoja mlio utulie. Unaanza na feni peke yake, kisha unazungusha swichi kwenye baridi, na kompresa, yaani pampu inayosukuma gesi, inaingia kwa mkoromo. Ukizima usiwashe tena papo hapo. Gesi bado imebanwa, kompresa itakwama iungue. Birika la umeme halichemshwi kiyoyozi kikiwa kazini. Chujio la hewa linaoshwa kila baada ya safari. Tukitoka Nanganga lilikuwa na vumbi la kupandia mchicha.

Halafu kuna maji. Hewa ya joto ikigusa mabomba ya baridi hutoa jasho, nalo hutiririka juu ya paa na kudondoka pembeni. Kwa hiyo gari linaegeshwa limeinama kidogo kwa nyuma, mbao chini ya magurudumu, la sivyo maji yanaingia ndani. Mara moja nilisahau mbao, godoro la Meneja likalowa. Alinisema siku mbili.

Msimu wa tatu, kabla ya kupanda Newala, Fundi Mkuu aliyasafisha yale mabomba ya baridi kwa tindikali, maana uchafu ulikuwa umeganda. Bomba la uwanjani lilikuwa kavu siku hiyo, hakusuuza vizuri. Akaniambia, "Maji ya siku mbili tatu za mwanzo ni sumu. Yamwage. Mwambie na Meneja."

Newala mvua zilikuwa zimechelewa. Huku juu, nyumba yenye bati ina mfereji wa kukingia mvua, na mtoto mdogo anajua maji ya paani ni ya kunywa. Asubuhi ile wanawake walipoona paa la gari linadondosha maji, walileta ndoo. Nikaingia ndani.

"Bosi, maji yale yana tindikali. Fundi kasema yamwagwe."

"Mama Somoe, wanunuzi wenzetu wamegawa kofia. Sisi tunagawa maji. Usiniharibie."

Akatoka mwenyewe. "Kingeni, mama zangu! Maji safi haya, ya mashine!"

"Mashine yenu inakojoa vizuri kuliko mnavyolipa!" mama mmoja akajibu, watu wakacheka.

Mimi nilinyamaza. Naliandika hili wazi. Nilihofia kazi. Mama mkwe wangu, mwenyeji wa hapo, anayenilelea mtoto, alikuwa wa tatu kwenye foleni na ndoo yake kichwani. Nikajiambia nitamweleza pembeni nikipata nafasi. Sikuipata, kwa sababu Meneja alitaka baridi isikatike mpaka wageni waondoke.

Saa nane mama mkwe aliniletea mtoto mbio.

"Mama, umempa nini?"

"Kikombe cha maji ya gari lenu. Bosi wako kasema safi. Na wewe si ulikuwepo? Ulisema nini?"

Nikampokea Somoe, nikamweka begani. Ndipo nikaenda kwenye swichi.

Somoe alilazwa siku tatu pamoja na watoto wengine wawili. Wote wamepona. Meneja alinifukuza jioni ileile, akasema nimeaibisha kampuni. Niliyojifunza ni haya: anayeijua mashine ndiye wa kusema, na aseme kwa wanaokinga ndoo, asiishie kwa bosi.

Barua hii niliipeleka kwa mkono, ikagongwa muhuri wa kupokelewa:

Kwa Afisa Afya wa Wilaya.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU MAJI YENYE TINDIKALI KUGAWIWA WANANCHI

Mimi niliyekuwa mwendesha kiyoyozi cha gari la kampuni nilijua maji hayafai, nikanyamaza tangu asubuhi hadi saa nane. Hilo liandikwe juu yangu. Meneja aliambiwa, na bado aliwaita watu wakinge. Hilo liandikwe juu yake. Siombi kurudishwa kazini. Kampuni inasema maji yalikuwa salama. Ndoo moja ninayo, nimeifunika. Naomba Meneja aitwe ofisini kwako apewe kikombe kimoja, kiasi alichokunywa mwanangu. Akikataa kunywa, naomba sababu yake iandikwe kwenye jalada.