Vitufe viwili visivyo na maneno

Leo uoga wa Mama Filomena umeniokoa.

Juzi niliweka toleo jipya la jukwaa linaloendesha programu niliyoitengenezea ofisi ya parokia yetu. Sikujaribu kila dirisha. (Mimi, mtu wa kuandika kila kitu kwenye shajara!)

Leo asubuhi Mama Filomena, katibu wa ofisi hiyo, amechapa majina yote ya watoto wa kipaimara. Alipotaka kufunga programu, dirisha la kumuuliza kama ahifadhi likatokea tupu.

Vitufe viwili, hakuna maneno. Kimoja kinahifadhi, kingine kinafuta.

Akanipigia. Nikapanda bodaboda kutoka nyumbani, mtaa wa Izia, nikamkuta mikono iko mapajani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Sijagusa kitu, mwanangu. Hata chai sijanywa, nisije nikatikisa meza."

Nikafungua shajara, siku nilipotengeneza dirisha lile: "Hifadhi iwe kushoto. Mama Filomena kasisitiza. Sioni sababu."

Nikabonyeza kushoto.

Majina yote yapo!

"Si nilikwambia?" akasema, huku anamimina chai.

Asante sana, mama. Toleo la zamani nimelirudisha.

Na ninyi, nani aliwahi kuwaokoa kwa kutogusa kitu?