Chatu wa Baba Mkwe Katika Baridi ya Ngungu

Baba mkwe wangu alifika Ngungu kwa miguu kutoka Walikale, gunia moja begani. Vita vilimfukuza kijijini kwake asubuhi, akawa na muda mfupi wa kuchagua cha kubeba na cha kuacha. Aliacha mbuzi. Aliacha nguo. Aliacha picha ya pekee ya marehemu mke wake, ile ambayo mume wangu alikuwa akiiomba tangu mazishi. Alipofungua gunia mbele yetu, ndani mlikuwa na chatu.

Mume wangu alitoka nje. Mimi sikutoka.

"Papa, picha ya Mama iko wapi?"

"Picha haikamate panya," akajibu. "Huyu alinilinda mihogo na karanga miaka yote. Njo maana nimemuleta."

Tangu saa ile nilimchukia, na sikuficha. Alikuwa mwindaji mzee, mtu wa porini kwenye joto. Mimi ni muuguzi wa maternite, wodi ya wazazi, nimezaliwa katika milima hii ya Masisi ambako ukungu unaingia mpaka jikoni. Aliniita "Mama" kwa adabu, lakini alilitamka kama mtu anayetema mbegu. Nami nilimpakulia chakula nikiwa nimetazama pembeni.

Chatu aliwekwa katika sanduku la bati chumbani mwake. Wiki ya kwanza hakula. Alijikunja kama kamba iliyolowa, akawa hasogei. Mzee akamtegea panya. Panya akatembea juu ya mgongo wake na kushuka. Nikasema moyoni, afe basi, tupumue.

Siku moja nilirudi kazini mchana, mvua inanyesha. Mlango wa mzee ulikuwa umefungwa, dirisha limezibwa na matambara. Nilipousukuma, joto lilinipiga usoni. Mzee alikuwa ameweka mbabula ya makala, jiko la makaa ya moto, kando ya sanduku, naye ameegemea ukuta, midomo imelegea, matapishi kifuani. Nilimshika makwapani nikamburuta mpaka nje kwenye matope.

"Unataka kufa mu nyumba yangu?" nilimpigia kelele. "Makala mu chumba cha kufunga inaua! Kila mwaka tunazika batu juu ya hiyo!"

Alipopata pumzi, neno lake la kwanza lilikuwa: "Nyoka."

Nilirudi ndani kwa hasira tu, nikafungua madirisha na kuitoa mbabula. Bati la sanduku liliunguza vidole vyangu. Chatu alikuwa amejibana kwenye kona ya mbali, lakini sanduku lilikuwa dogo na kona zote zilichemka. Magamba ya tumboni yalikuwa yamebadilika rangi, mahali pamoja yamevimba malengelenge.

Naomba nieleweke: sikumhurumia. Kilichonikasirisha ni ujinga. Niliwahi kumwona mtoto aliyezaliwa kabla ya miezi kutimia, ambaye nyanya yake alimlaza juu ya chupa ya maji ya moto bila kuifunga kitambaa. Mtoto hawezi kusogea. Chupa haijui kuacha. Kidonda kile sijakisahau.

"Nyoka hana moto yake mwenyewe," nilimwambia mzee jioni ile, nikiwa nimesimama, sikutaka kukaa naye. "Anaifuata fasi, pahali iko, na ikimuzidi anaikimbia. Weye ulimunyima fasi ya kukimbilia. Ulimupika."

Alinitazama kwa macho yale ya kuwinda. "Weye unajua kupasha watoto ya batu moto. Fanya basi. Ao unajua kusema tu?"

Ningeweza kukataa. Lakini alikuwa amenichokoza mahali penye kazi yangu.

Mume wangu alitengeneza sanduku refu la mbao, urefu wa kitanda cha mtoto, lenye matundu ya hewa na kifuniko cha kufungwa. Upande mmoja nikatenga sehemu kwa wavu, na nyuma ya wavu nikaweka bidoni, dumu la maji ya moto, lililoviringishwa blanketi, ili chatu apate joto lakini asiliguse kamwe. Upande wa pili haukuwa na kitu, ila chungu kilichovunjika cha kujifichia. Chungu cha namna hiyo kilikuwa pia upande wa joto, ili nyoka asilazimike kuchagua kati ya kujificha na kuota moto. Nje nilizungushia majani makavu. Kutoka maternite nilileta termometre mbili za ukutani za kupimia joto, ambazo mbao zake zilikuwa zimepasuka, nikaziweka chini kabisa, anapolala yeye, moja kila upande.

"Huku isipite degre makumi tatu na mbili," nikamwonyesha mzee. "Kule, makumi mbili na tano ao sita. Usiamini mukono yako. Mukono yako imezoea baridi sasa, itakudanganya. Soma."

Alisoma. Alibadilisha maji asubuhi, mchana, jioni na kabla ya kulala, na alipokosea nilimtukana. Kidonda kikakauka. Mwezi uliofuata chatu alimeza panya, na mzee hakuniambia. Nilikuta mkia tu unaishia mdomoni.

Lakini habari za chatu zilikuwa zimepanda kilima. Wanawake walianza kunikwepa kisimani. Kisha mama mmoja aliyekuja kujifungua, uchungu umemshika kabisa, alirudisha miguu yake nilipomkaribia.

"Huyu asinishike! Mikono yake inashika nyoka!"

Mwenzangu alimzalisha, nikasimama koridoni kama mwizi.

Nilifika nyumbani nikachukua birika lililokuwa linachemka jikoni, nikaingia chumbani kwa mzee. Alielewa kabla sijasema. Alikaa juu ya kifuniko cha sanduku.

"Toka, Papa."

"Utanimwagia mimi kwanza."

"Wamekataa mikono yangu! Miaka yote nimezalisha batoto ya kilima hii!"

"Basi kasirikia bale bamama. Huyu alifanya nini?"

Nililiinua birika, maji yakamwagika yakaniunguza mguu. Nikaliweka birika chini. Aliinuka taratibu, akalichukua, akamimina maji ndani ya bidoni, akainama kusoma termometre.

Njia ya Walikale ilipofunguka, aliondoka siku ileile, chatu ndani ya kikapu kilichofumwa, kimefunikwa kitambaa. Madereva wawili wa pikipiki walikataa kumbeba. Wa tatu alikubali kwa sababu hakuuliza ndani mna nini. Hakuniaga. Mume wangu alimsindikiza mpaka barabarani.

Aliporudi, alitaka sanduku liwe la kuku. Nililipasua kuwa kuni kwa shoka, nikapikia maharage. Mume wangu alikataa kuyala, nikala peke yangu.