Wewe Ndiye Mwenyewe?

Najua wengi wenu mtasoma haya na kusema huyu amekosa kazi, sasa anatunga. Kazi kweli sina. Lakini haya sikuyatunga, na kama ningejua kutunga ningejipa sehemu nzuri zaidi.

Nina rafiki, nimwite Githinji. Tulikua naye mtaa wa Tena, hapa Nairobi, ploti moja, na chuo tukaenda pamoja. Tulipomaliza, yeye akapata kazi, akahamia mtaa wa Donholm, akanunua gari dogo jeupe, akamchumbia Mwende. Mimi nikabaki Tena. Sitaki mfikirie nilimchukia. Nilimpenda, na ndiyo maana iliniuma. Ungemwonea wivu mtu usiyemjua wa nini?

Siku moja akanipigia. Kampuni moja binafsi inayosimamia maegesho chini ya jengo la maduka, hapo hapo Donholm, ilikuwa imemtumia ujumbe kwamba Jumamosi aliacha gari pale mchana kutwa na kuondoka bila kulipa. Sasa alipe na faini, la sivyo gari litafungwa minyororo.

"Buda, Jumamosi tulikuwa Njiru kwa mamangu, mimi na Mwende, na gari lilikuwa hapo uani kuku wakililalia," akasema. "Niendee. Mimi niko kazini, na wewe ndiye mwenye maneno."

Mwenye maneno. Yeye ana gari, mimi nina maneno. Njia nzima nililitafuna jambo hilo. Je, aliniheshimu au alinicheka? Nilipanga hoja zangu, nikazipangua, nikazipanga tena, na nilipofika giza lilikuwa linaingia.

Ofisi yenyewe ilikuwa kibanda cha kioo kule chini, taa moja nyeupe, magari machache. Ndani alikaa mwanamke aliyevaa kizibao cha kung'aa, anakunywa chai. Nikampa nambari ya gari. Hakuniangalia.

"Wewe ndiye mwenyewe?"

Mnajua tunavyolitumia neno hilo hapa kwetu. Mwenyewe ni mwenye mali. Mwenye nyumba ni mwenyewe, mwenye duka ni mwenyewe. Hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo mahali popote. Ningesema nimetumwa, na ndiyo ilikuwa kweli. Lakini nilifikiri, nikisema nimetumwa ataniambia nirudi na mwenyewe. Kisha nikafikiri, kwani mimi nakaa kama mtu asiyeweza kuwa na gari?

"Ndiyo," nikasema. "Mimi ndiye mwenyewe."

Niamini, neno lilikuwa tamu mdomoni.

Nikaanza hoja zangu: gari halikuwa hapa, nina mashahidi, nionyesheni ushahidi wenu. Aliniacha nimalize. Halafu akanigeuzia kompyuta.

"Sasa unapinga nini, boss? Si ni wewe huyu?"

Ilikuwa picha ya kamera ya getini. Gari jeupe la Githinji, nambari inasomeka vizuri. Kwenye usukani nilikuwa mimi. Si mtu anayefanana nami. Mimi, na kovu langu la nyusi. Nilikuwa nimevaa shati la samawati, na kando yangu alikaa Mwende, kichwa nyuma, anacheka.

Mimi sijui kuendesha gari. Shati la namna hiyo sina. Lakini nililijua. Lilining'inia kwenye kibanda kimoja cha nguo karibu na kwetu, na kila nikipita nililitazama. Na Jumamosi ile, wakati wenzangu wako Njiru, mimi nilishinda kitandani nikifikiria. Nikifikiria nini? Kwamba gari ni langu, nimevaa lile shati, nampeleka Mwende kula chipsi kwenye jengo lile lile. Sikumwambia mtu. Nani angemwambia mtu jambo kama hilo?

Nikamwambia yule mama nimekosea, mimi si mwenyewe, mimi ni rafiki yake tu. Akarudia chai yake. Akasema nilikuwa nimeshasema, na yeye hawezi kuandika watu wawili kwenye gari moja.

Nikatoka mbio nikielekea getini. Nikampigia Githinji, nikamwuliza gari liko wapi. Akacheka. Akasema liko nje ya ofisi yao, analiona dirishani hivi tunavyoongea.

Wakati huo huo gari lake likashuka taratibu mbele yangu na kusimama. Kioo kikateremka.

"Niaje," akasema aliyekuwa ndani, kwa sauti yangu. Shati lilimkaa vizuri kuliko nilivyowahi kuwaza. "Umesema wewe ni mwenyewe. Ingia basi, tuende."

Miguu ilikuwa inataka kuingia. Hilo ndilo linalonitisha hadi leo. Nilisema kwa shida kwamba mimi nimetumwa, gari ni la Githinji.

"Basi nitakuwa mwenyewe mimi," akasema, bila hasira yoyote. Kizuizi cha getini kikainuka, akaenda zake.

Kesho yake Githinji alinishukuru. Kampuni ilikuwa imemwandikia kwamba mwenyewe amelipa, kesi imekwisha. Akasema nimewamaliza. Nami nikazipokea hizo shukrani.

Kisha mambo yakaanza. Soja anayelinda ploti yake akamzuia getini, akamwambia mwenyewe ameshaingia. Mwende akamsifu kwamba siku hizi amekuwa mcheshi, na lile shati la samawati linampendeza. Githinji hana shati la samawati. Akaja kwangu macho mekundu, akaniomba nimsaidie kufikiria ni mwanamume gani.

Nikamweleza yote, tangu Jumamosi ile kitandani. Nilidhani atanicheka, au atanipiga. Hakuuliza kuhusu picha wala sauti. Aliuliza moja tu, polepole.

"Kwa nini ulisema gari ni lako, na unajua ni langu?"

Sikuwa na maneno. Mimi, mwenye maneno.

Aliuza gari kwa mtu wa mbali. Harusi haikufanyika, kwa maana Mwende alisema mtu aliyemzoea hayupo tena, na aliyebaki ananuna tu. Githinji hanipigii simu.

Na mimi? Nikipita kwa miguu karibu na jengo lile, kizuizi huinuka chenyewe. Jioni nyingine huliona gari jeupe barabarani, lenye nambari ile ile. Yule mwenzangu yuko kwenye usukani, na kando yake kuna mwanamke anacheka. Mngedhani naogopa. Naogopa, ndiyo. Lakini kabla ya woga huja ule moto wa kifuani, ule ule wa zamani, na sasa si Githinji ninayemwonea wivu.

Kwa hiyo, wewe unayesoma, ukisimama mbele ya dirisha lolote na mtu akakuuliza kama ndiwe mwenyewe, na si wewe, sema umetumwa. Neno hilo litakushusha kidogo, utajihisi mdogo. Lakini anayelisema hurudi nyumbani akiwa mtu mmoja.