Mafuta Kwenye Diski

Mvua za mwaka jana zilipokaribia kuisha, nilimwangusha mama yangu mtaroni. Tulikuwa tunateremka kuelekea kijito, huku kwetu Litapunga, yeye amekaa kwenye keria ya baiskeli yangu kuukuu ya gia. Nilibana breki, na raba zilizolowa tope zikateleza juu ya ringi kana kwamba sikuzigusa. Hakuvunjika kitu, lakini tangu siku hiyo aliacha kwenda zahanati kuchukua dawa za presha. Mwendo wote ule kwa miguu magoti yake yasingeuweza, na bodaboda aliziogopa kuliko baiskeli.

"Nikifa kwa presha," alisema, "nitafia kitandani kwangu, siyo mtaroni."

Sikutulia. Nimesomea ualimu, nafundisha fizikia sekondari ya kata, na niliamini kwamba elimu isiyoweza kumfikisha mama yangu zahanati ni mzigo mtupu. Kila nilipoipita baiskeli nilibana breki, nikaachia, nikabana tena. Likizo ilipofika nikaipeleka Mpanda mjini, kwa fundi mmoja wa karibu na soko, aifungie breki za diski kama za pikipiki. Aliikagua, akacheka.

"Mwalimu, fremu hii ya zamani. Nyuma hakuna pa kufunga diski. Nikichomelea, ipo siku itakatika."

"Na mbele?"

"Mbele tunabadilisha uma na gurudumu zima. Ninazo za mtumba. Hiyo inatosha kukusimamisha, wewe na dhambi zako."

Nilisimama, nikakaa, nikazunguka benchi lake mpaka akanituma maji ili apumue. Diski, kile kisahani cha chuma, ikafungwa kwenye habu katikati ya gurudumu, waya ukavutwa, pedi mbili zikaibana. Nilipoijaribu, nusura nirushwe mbele. Nilirudi nyumbani na furaha isiyokaa mahali pamoja.

Mama nilimbembeleza wiki tatu. Jumamosi moja akakubali: twende Jumatatu.

Kwetu, Jumamosi jioni baiskeli huoshwa. Kesho yake hupangwa nje ya kanisa, na yenye vumbi humwaibisha mwenyewe kama aliyekuja ibadani bila kunawa uso. Ikishaoshwa hupakwa oili chakavu ya pikipiki kwa kitambaa, mnyororo, spoku, kila palipo na chuma, kutu isiingie. Niliosha, nikapaka. Nilipofika kwenye diski niliona alama ndogo ya kutu, nikaongeza oili. Jumapili sikugundua lolote, kwani kanisa liko jirani na njia yake ni tambarare.

Jumatatu, tulipoanza kuteremka, nilihisi mikono ya mama ikikaza shati langu. Nikabana. Diski ikalia kwa sauti nyembamba, na baiskeli ikaendelea kwenda. Breki ya nyuma, ile ya raba, ilipunguza mwendo kidogo tu. Nikaburuza viatu vyote viwili mpaka karibu na kijito. Kabla sijasema neno mama alikwisharuka, akabaki amesimama barabarani, kanga mkononi. Mimi nikaishia kwenye nyasi.

"Umefanya nini?" aliuliza.

Jibu la kwanza lililonijia lilikuwa la kumtupia fundi: vitu vya mtumba, mama. Lilikuwa tayari mdomoni, na lingeaminika. Nikagusa diski, kidole kikang'aa. Muhula uliotangulia nilisimama ubaoni nikawaeleza kidato cha pili kwamba mafuta hupunguza msuguano, na waliokosa swali hilo niliwakaripia.

"Nimepaka breki mafuta, mama. Ni mimi. Fundi hana kosa."

"Mafuta? Kwenye breki?"

"Ndiyo, mama."

"Na chuo ulienda, nguo za kuendea nikakufulia mwenyewe."

Nilimsihi turudi nyumbani. Akatazama mlima tuliotoka.

"Niupande tena huo kwa magoti haya? Zahanati iko hapo mbele. Shika baiskeli."

Akaegemea tandiko kwa mkono mmoja, nami nikaisukuma polepole, nikisikiliza kila pumzi yake.

Muuguzi alimtaka apumzike kabla ya kupimwa. Nilikaa. Nikainuka, nikaenda dirishani, nikarudi, nikaenda tena.

"Nesi," mama alisema, "mimi nasubiri. Mpime huyu kwanza. Na ukimaliza, kama ipo sindano ya kumkalisha mtu chini, mchome."

Nesi hakucheka. Alivuta kiti, akachukua kipimo cha presha, akanionyesha pa kuweka mkono.