Kutoka Kang'ata Hadi Gurudumu Kubwa, kwa Miguu na Mbuzi ya Nazi

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba wembamba na wanene akawapa wote riziki, na akanijaalia mimi mwili ambao nikikaa kwenye benchi la watu watatu, wa tatu husimama. Rehema na amani zimfikie Mtume wake na wote waliomfuata kwa wema. Namshukuru kwa umri alionipa, kwa magoti yanayolalamika lakini hayajagoma, na kwa safari hii ambayo nataka kuwasimulia ninyi mlio nyumbani, hasa wale wenye mwili kama wangu wanaosema, "Mimi nitawasubiri hapa hapa."

Sababu ya safari ni mjukuu wangu Zuhura, mwenye miaka tisa. Anakaa nami Kang'ata, na ni mwanafunzi wangu katika chuo cha Kurani ninachofundisha barazani kwangu. Alikuwa mzito wa kuhifadhi, nami siku moja nikasema mbele ya chuo kizima, "Zuhura, ukiihifadhi Juzuu Amma yote, utakachoomba nitakupa." Nilitegemea ataomba kanzu ya Idi, au kuku.

Mwaka haujaisha, Zuhura akasimama akaisoma yote bila kukwama. Nilipofunga msahafu, akanitazama. "Bibi, nataka kupanda lile gurudumu kubwa alilonionyesha baba kwenye simu. Na wewe ukae pembeni yangu."

Gurudumu lenyewe liko katika bustani ya michezo karibu na Dar es Salaam. Linainua watu kwenye vibanda mpaka juu angani, kisha linawarudisha. Watoto wote wakageuka kunitazama. Mwalimu anayewafundisha watoto kusema kweli hawezi kugeuza maneno yake mbele yao. Nikasema inshallah, na nilisema ile inshallah ya kweli, si ile ya kukimbilia.

Mwanangu Hemedi, baba yake Zuhura, ni fundi umeme huko Dar. Alinipigia simu. "Mama, ndani ya bustani gari haziingii. Kutoka getini hadi kwenye gurudumu ni mwendo."

"Mwendo kama wa wapi?"

"Kama kutoka nyumbani hadi mnadani, na kurudi."

Mimi mnadani siendi. Huagiza.

Nikaanza kujiandaa. Kwa miaka mingi nimekuwa nikiwafunda wanawake wanaokwenda Hija: vaeni taiti ndefu ndani ya nguo, pakeni mafuta ya mgando mapajani ili yasichubuane, viatu vizidi mguu kidogo, na kaeni kabla hamjachoka. Mimi mwenyewe sijajaaliwa kwenda bado, kwa hiyo nilikuwa nafundisha dawa ambayo sijainywa. Safari hii ikawa mtihani wangu.

Lililonitia wasiwasi zaidi ni hilo la kukaa. Mimi na viti vya plastiki hatuelewani. Viwili vimekatika chini yangu kwenye maulidi, na kimoja msibani, ambapo watu waliokuwa wakilia walilazimika kuficha nyuso zao. Nikatafuta nyumbani kitu kinachokunjika, chepesi kubeba, kisichonisaliti. Nikakiona jikoni: mbuzi yangu ya kukunia nazi, ya mninga, iliyochongwa na fundi aliyenijua. Huu ni mwaka wa ishirini naikalia na haijawahi hata kulia. Nikaifunga kwa kanga.

Alfajiri, baada ya swala, tuliondoka Kang'ata. Kondakta alinitazama, akamtazama na Zuhura, akatupa kiti cha watu watatu bila kuulizwa. Mungu ambariki. Tukafika Handeni mjini jua linachomoza, tukabadili gari, tukateremka Mkata kwenye barabara kuu.

Mkata alikuwa akitusubiri Mama Kulwa, aliyetoka Korogwe. Huyu ndiye mwenzangu wa safari, na lazima nimweleze. Tulijuana zamani, marehemu mume wangu alipokuwa akifanya kazi kwenye shamba la mkonge. Babu yake alitoka Tabora kuja kukata mkonge huo, akabaki. Yeye ni Mkristo, mimi Muislamu. Yeye ni Mnyamwezi, mimi Mzigua, nasi makabila yetu ni watani tangu enzi za misafara. Mtani hukutukana mchana kweupe, hukunyang'anya kitu chako mkononi, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Alisikia habari za bustani akajialika mwenyewe.

"Shikamoo Bibi," Zuhura akamwamkia.

"Marahaba mjukuu wangu. Na huyu uliyekuja naye ni bibi yako au ni mzigo wa mahindi?"

"Mama Kulwa," nikasema, "umesimama wapi? Nasikia sauti, mtu simwoni. Au ni ule mlingoti?"

"Cheka tu. Babu zangu walikuwa wapagazi, walibeba pembe za ndovu kutoka bara hadi pwani. Mimi nimekuja kumaliza kazi yao. Ila wao walibeba pembe tu, ndovu mwenyewe walimwacha porini."

Abiria waliokuwa wakisubiri basi waliinamisha vichwa kuficha kicheko. Zuhura alicheka mpaka akakaa chini.

Msata tukaacha barabara kuu tukashika ya Bagamoyo, na jioni tukawa nyumbani kwa Hemedi. Mkwe wangu alitupikia wali na samaki. Nililala mapema, miguu juu ya mto, nikimwomba Mungu anipe ya kesho.

Asubuhi Hemedi alitushusha kwenye geti la bustani akaenda kazini. Mlinzi wa getini, kijana mpole, akafungua kile kifurushi changu cha kanga. Akaona meno ya chuma. Akarudi nyuma hatua moja.

"Bibi, shikamoo. Hii ni nini?"

"Marahaba mwanangu. Ni mbuzi ya nazi."

"Naijua, Bibi. Hata mama yangu anayo. Nauliza, huku ndani unakuja kukuna nazi ya nani?"

"Nakuja kukaa."

"Viti vipo, Bibi."

Mama Kulwa akaingilia. "Kijana, mtazame kwanza mwenyewe, kisha kitazame kiti kile pale. Unataka ukilipe wewe?"

Mlinzi akakitazama kiti, kisha, kwa adabu, akanitazama mimi mara moja tu. Akatafakari. Mwishoni alitushauri tuyafunge yale meno kwa soksi, na juu ya soksi tufunge kitambaa, nasi tukafunga kwa soksi ya Zuhura yenye picha ya sungura. Ndivyo tulivyoingia: Zuhura mbele na mguu mmoja hauna soksi, Mama Kulwa na mbuzi kichwani, na mimi nyuma na raba mpya alizoninunulia Hemedi.

Kituo cha kwanza kilikuwa chini ya kivuli cha kibanda cha aiskrimu. Mama Kulwa alitua mbuzi, akaifungua, akatangaza kama kondakta, "Mzigo ushuke." Nikakaa kabla sijachoka, kama ninavyofundisha. Taiti ilikuwa mahali pake, mafuta yalifanya kazi, mapaja yalipita bila ugomvi. Nikasema kimoyomoyo kwamba wanawake wangu wa Hija sikuwadanganya.

Kituo cha pili kilikuwa kando ya bwawa ambalo watu wazima walikuwa wakiteleza kwenye mabomba wakipiga kelele, kisha wanapanda ngazi kwenda kuteleza tena. Hapo mama mmoja mwenye miwani ya jua alisimama mbele yangu.

"Samahani Bibi, chakula cha mchana mnaanza saa ngapi?"

"Sijui, mwanangu. Mimi ni mgeni."

"Nilidhani wewe ndiye unayekuna nazi ya wali."

Mama Kulwa akamjibu, "Wali utakuwa tayari akishakuna. Mpaka sasa anakalia tu." Yule mama akaenda kupanga foleni jikoni, na alivyokuwa na haraka hatukuwahi kumrudisha.

Adhuhuri niliswali kwa kukaa, kwenye chumba kidogo nyuma ya jiko, nikashukuru kwa feni iliyokuwa humo. Tulipotoka, raba zilikuwa zimeanza kubana. Miguu yangu mchana huumuka kama maandazi. Nikalegeza kamba zote, Zuhura akanishika mkono, tukaendelea kivuli hadi kivuli. Na kila tuliposimama, gurudumu lilikuwa pale pale, kubwa na mbali, kana kwamba na lenyewe lilikuwa likitembea mbele yetu.

Alasiri tulifika kwenye uwanja wazi usio na mti hata mmoja. Gurudumu lilikuwa ng'ambo ya uwanja huo. Mhudumu aliyepita alituambia linazimwa kabla ya magharibi, na kesho yake sisi tulikuwa na basi la kurudi. Nilikaa kwenye mbuzi. Goti la kushoto lilikuwa limevimba na la kulia lilikuwa linalionea huruma. Nikautazama ule uwanja kwa muda mrefu.

"Zuhura," nikasema, "nenda na Mama Kulwa. Mimi nitakuangalia nikiwa hapa, nitakupungia mkono."

Zuhura hakulia. Alikaa chini kwenye majani karibu na miguu yangu, akavua viatu vyake. "Basi na mimi sipandi, Bibi. Tukae tu."

Afadhali angelia. Niliinamia kamba za raba ambazo hazikuhitaji kufungwa.

"Mwalimu, inuka kidogo," akasema Mama Kulwa. "Soksi ya huku mbele imelegea, meno yatakuchoma."

Nikainuka. Akainama, akaikunja mbuzi upesi, akaiweka kichwani, akaondoka nayo. Nilidhani anatafuta kivuli. Alikwenda moja kwa moja katikati ya uwanja, miguu myembamba ikipishana kama mkasi. Alipofika karibu na gurudumu aligeuka, akakaa juu ya mbuzi yangu na kuita kwa sauti ya kuitia watu shambani.

"Nimeiteka. Mwenyewe akiitaka aje aikomboe. Wazigua wanajua kula tu, kutembea hawajui."

Watu wote waliokuwa kwenye foleni wakageuka. Yule mlinzi wa getini, ambaye sasa alikuwa kwenye doria, akaja akikimbia.

"Bibi, yule mama amekuibia? Nimlete?"

"Muache mwanangu. Ni mtani wangu."

"Mtani? Kwani yeye ni kabila gani?"

"Mnyamwezi wa Korogwe."

Uso wake ukafunguka. "Hata mimi kwetu Tabora, Bibi."

"Kumbe. Basi na wewe ni mwizi, ila zamu yako haijafika."

Alicheka, akasimama upande wangu wa kushoto bila kunigusa, akijifanya anakagua uwanja. Nami nikajikuta sina pa kukaa. Nikikaa kwenye majani, kuniinua kungehitaji kijiji. Kukasirika siruhusiwi. Kilichobaki ni kutembea.

Zuhura akaniweka mkono begani kwake. "Bibi, tusome," akasema, akaanza na sura fupi za mwisho, moja baada ya nyingine, polepole, nami nikimfuata. Kila sura ikiisha tulisimama, nikavuta pumzi, tukaanza nyingine. Alikosea mara moja. Sikumsahihisha, maana pumzi ya kusahihisha sikuwa nayo, na akajisahihisha mwenyewe. Mama Kulwa naye huko mbele hakunyamaza: mara ananiita konokono wa Handeni, mara anauliza kama nimezungukia wilaya ya Kilindi. Nilikuwa nikikusanya majibu.

Tulifika. Watu wa foleni wakatupisha mbele, Mungu awalipe. Mwendesha gurudumu alinitazama, akakitazama kibanda.

"Shikamoo Bibi. Wewe na mtoto mtakaa upande huu. Upande wa pili nahitaji watu wa kuweka sawa."

"Mimi sisaidii kitu," Mama Kulwa akasema haraka. "Ni mwembamba. Wote mmesikia leo."

"Kwa hiyo na mlinzi aingie," akasema mwendeshaji.

Wanyamwezi wawili wakaketi mbele yetu, wamebanana. Hata hivyo upande wetu ulibaki chini. Gurudumu likaanza kupanda.

Tulipofika juu kabisa likasimama kidogo, kibanda kikayumba. Mama Kulwa alikuwa amefumba macho, mkono mmoja umeshika mkanda wa mlinzi, anamwita Mama Maria kwa sauti ndogo. Nilikuwa na majibu ya siku nzima. Nikatoa moja tu.

"Mama Kulwa, babu zako walipita porini kwenye simba."

"Simba yuko chini, Mwalimu," akasema bila kufumbua. "Huku hata simba hawezi kukaa."

Nikampa mkono wangu, akaushika mpaka vidole vikafa ganzi. Zuhura alikuwa ameegemea ubavu wangu. "Bibi, Kang'ata iko wapi?" Nikamwonyesha. Mlinzi alikohoa, akaniambia kwa heshima kwamba huko ni baharini. Nikamwonyesha upande mwingine. Tuliuangalia pamoja, vilima na moshi wa majiko, na Zuhura akasema, kama mtu anayejihakikishia jambo, "Umefika, Bibi."

Kurudi getini nilibebwa kwa toroli la makreti ya soda, wapagazi wawili wakisukuma na Zuhura akiwaambia watu wapishe. Ahadi yangu ilikuwa ya kwenda. Ya kurudi sikuwa nimesema lolote.

Siku iliyofuata tuliagana na Mama Kulwa pale Mkata, yeye akienda Korogwe. Nilimwambia, "Ulinidhalilisha mbele za watu." Akasema, "Na ungebaki pale nisingekusamehe," akapanda basi lake.

Nilichojifunza ni hiki. Mafuta, taiti na viatu vyenye nafasi vinasaidia, na kukaa kabla ya kuchoka kunasaidia zaidi. Lakini mimi nilikuwa nikiita subira kule kubaki nyuma na kuwapungia wenzangu mkono, na kumbe nilikuwa nawanyima wanaonipenda nafasi ya kunisubiri. Mwendo wa polepole nao unafika, ilimradi kuna mtu huko mbele ambaye hajakubali uishie njiani.

Wewe unayesoma, uwe mwembamba au mnene, Mwenyezi Mungu akupe magoti mazima, kivuli kila unapokihitaji, na kiti kisichokuaibisha. Akupe mtoto wa kukushika mkono na mtani wa kukutukana kwa mapenzi, na siku tutakapoitwa mbele zake atufikishe sote salama, hata sisi tutakaofika wa mwisho. Amina.