Q Bila U, Ijumaa Jua Likizama

Katika mchezo wa vipande vya herufi, Q ina pointi kumi na humnyima mtu raha. Kiingereza cha shuleni kimeifungia U kiunoni, na ukikosa U unabaki umeikodolea macho mpaka mchezo uishe. Mimi nilikataa. Nilinakili kwenye katoni maneno yote niliyoyapata yenye Q isiyo na U, nikaifunga kwenye kikapu cha chai. Kila mstari wa shamba letu, juu ya Masimba, ukawa na neno lake: majani mawili na chipukizi, qanat, majani mawili na chipukizi, faqir. Mama alidhani nimeanza kunena kwa lugha, na sisi Wasabato mambo hayo hatuna.

Yaliyonishinda nilimpelekea mama Mwislamu anayeuza vitambaa Keroka. Alisoma katoni, akacheka mpaka akaweka mkasi chini.

"Mwanangu, unahangaika na nini? Qadi ni kadhi. Talaq ni talaka. Qibla ni kibla. Haya ni ya kwetu, Wazungu wameazima tu."

Tangu siku hiyo sikuyakariri tena. Niliyajua kama ninavyowajua majirani.

Mwaka jana vilabu vyetu vya mchezo huu vilifanya mashindano Keroka, na mshindi angeingia timu ya kwenda Nairobi. Niliitaka nafasi ile kuliko kitu chochote, na sioni haya kusema. Ilikuwa Ijumaa. Asubuhi niliwaambia waandalizi kwamba jua likizama Sabato imeingia, nami sichezi. Wakasema fainali ni saa tisa, nisiwe na wasiwasi.

Katika nusu fainali niliweka qadi. Mwalimu mmoja wa Kiingereza, aliyekuwa ameshafuzu kuingia fainali na sasa anatazama, akashindwa kunyamaza.

"Madam, hii Kiingereza umetoa wapi?"

Refa akafungua kamusi ya mchezo, akalikuta. Watu wakamcheka mwalimu, naye hakusahau.

Kisha mvua ikapiga mabati hata refa hakusikika. Fainali ikaanza saa kumi na moja, mimi na mwalimu yule. Tulivutana mpaka vipande vya kuchota mfukoni vikaisha. Alinizidi kwa pointi nane. Mchezaji mzoefu huhesabu vilivyotoka: yeye alijua nimebaki na Q, nami nilijua amebaki na V mbili, zisizo na pa kuingia. Ubaoni kulikuwa na neno tala, na mwishoni mwake nafasi wazi. Q moja tu, talaq, nimemaliza na nimeshinda.

Lakini ilikuwa zamu yake, na mezani hapakuwa na saa ya kupima zamu. Alichoweza kufanya ni kunipisha zamu tu. Hakunipisha. Alishika kidevu akatazama dirishani, na kila alipotazama dirishani nilijua anatazama nini.

"Mwalimu, cheza," nikamwambia.

"Si nafikiria, madam? Kufikiria ni makosa?"

Refa akasema kanuni haimkatazi. Nyumbani viatu vya kanisani vilikuwa vimeshapakwa rangi, na mama alikuwa akiitazama njia. Jua lilipobakisha muda wa kunifikisha nyumbani tu, nikasimama. Refa akaninong'oneza nikae dakika tano tu, Mungu ataelewa.

"Mungu anaelewa sana," nikasema. "Wewe ndiye huelewi. Andika nimeshindwa."

Nikaiweka Q yangu mezani, uso juu, kando ya tala, ili mwalimu aone alichokuwa akikikimbia. Nikatoka. Njiani nililia, tena kwa sauti. Lakini nilifika mlangoni jua halijazama.

Jumapili nilimsimulia mama wa vitambaa. Hakunipa pole. Alisema Ijumaa adhuhuri yeye hufunga duka hata mteja awe ameshachagua kitambaa, na asiyetaka kusubiri ajue maduka mengine yapo. Kisha akanimiminia chai.

Mwalimu alikwenda Nairobi. Mwaka huu nimejiandikisha tena, na chini ya fomu nimeandika kwa herufi kubwa kwamba kila meza iwekwe saa. Waandalizi wakanipigia simu kusema hapa kwetu hapajawahi kuwa na kanuni hiyo. Nikawauliza fainali ni siku gani. Wakasema Ijumaa.

"Basi leteni saa," nikasema, "kwa sababu mimi nakuja."