Chumba cha Ndani ya Kaski

Kuta za nyumba ninayopanga hapa Bunia ni nyembamba, na mbele yake kuna kituo cha pikipiki za abiria. Waendesha pikipiki wale wana injini, wana honi, na bado wanapiga kelele kwa midomo. Ndiyo maana kazi yangu ya kuchanganya sauti za kwaya naifanyia kwenye kaski, visikilizio vile vikubwa vinavyofunika masikio yote mawili, wala si kwenye bafle, yaani spika.

Kaski peke yake inachosha. Sauti zinakujaa ndani ya fuvu, na ukigeuza kichwa kwaya nzima inageuka nawe, imekung'ang'ania kama kupe. Jambo hilo lilinikera mno. Kisha nikapata programu inayoigiza chumba kikubwa chenye bafle mbili mbele, na juu ya kaski nikabana kidude kinachofuata mwendo wa kichwa. Sasa nikitazama dirishani, waimbaji wanabaki walipokuwa. Nikiwarudia, wapo. Kwa mtu ambaye mke wake amerudi kwao Mahagi na hasemi atarudi lini, si jambo dogo kugeuka ukakuta mtu yuko palepale ulipomwacha. Nakiri nilianza kukaa ndani ya chumba kile cha kaski hata kazi ikiisha.

Wimbo niliokuwa nao mkononi uliongozwa na mama mmoja wa kwaya ya parokia yetu. Nilimrekodi kanisani, na miezi michache baadaye akafariki. Mume wake, mzee mmoja mwalimu mstaafu, aliniomba jambo moja tu: Jumamosi, siku ya kuondoa matanga, watu wamsikie mkewe akiimba. Hakuwa na sauti yake nyingine popote. Mle chumbani nilimweka mama yule mbele kidogo ya wenzake, karibu nami, na wiki nzima nikashinda naye. Nilimzoea.

Alhamisi tuliujaribu. Kwetu wimbo haujaisha mpaka upite kwenye lile bafle la tarumbeta lililo juu ya mlango wa kanisa, moja tu, lenye kutu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nami wanakwaya walikuwa wamenisifu sana. Nikabonyeza kwa madaha. Ikatoka sauti ya mtu anayeimba ndani ya pipa. Wanakwaya wakainamisha vichwa. Mzee akanisogelea.

"Mutoto yangu, bibi yangu iko mbali sana. Ulimutia wapi?"

Nikamjibu kwa ukali kwamba bafle lao limezeeka. Uongo mtupu. Kabla sijafika nyumbani nilishajua kosa: nilisahau kukizima kile chumba cha programu kabla ya kuutoa wimbo kwenye kompyuta. Chumba kile ni cha masikio ya fundi peke yake, hakipaswi kusafiri na wimbo. Mimi nilikuwa nimehamia humo kiasi cha kusahau kwamba hakipo, nikamfungia humo mke wa mtu. Niliona haya, na hasira yangu yote nikaigeuzia nafsi yangu.

Ijumaa asubuhi nikautoa wimbo upya, bila chumba, nikaupeleka kwenye tarumbeta lile. Mama yule alisikika mpaka ng'ambo ya barabara. Mchana mzee akaja kwangu kushukuru. Nikamwomba msamaha kwa maneno yangu ya jana, na ili aelewe nilivyokosea, nikamvisha kaski, nikakiwasha chumba.

Akasikiliza. Akageuka kuelekea mlangoni, akasita, kisha akarudi taratibu mpaka akatazamana na ukuta ninakotundika suruali zangu.

"Anasimama pale," akasema kwa sauti kubwa, kama wasemavyo watu waliozibwa masikio. Akafunga vifungo vya koti lake.

Wimbo ulipoisha, akaniuliza kama naweza kumtilia vile ku telefone.

"Vile hapana, papa. Telefone haina hii kidude. Kule ukigeuza kichwa, na yeye anageuka na weye. Anakufwata fasi yote, kila kwenye unaenda."

Nilisema hayo kwa masikitiko, kama fundi anayekiri kasoro ya kazi yake. Mzee akanitazama kana kwamba mimi ndiye nisiyeelewa kitu.

"Ananifwata fasi yote?"

"Ndiyo, papa."

"Njo hiyo nataka. Mutie vile."

Nikamtilia. Akachomeka masikioni visikilizio vyake vidogo, akaniaga kwa mkono, akashuka barabarani katikati ya pikipiki. Nilimwona akigeuza kichwa kulia, kisha kushoto, halafu kulia tena, akitabasamu bila kusimama. Nikabaki mlangoni, kaski shingoni, nikimwonea wivu mtu aliyefiwa.